Kasha la bei ya kati kwa kompyuta ya gemu: lipi litahimili joto na hewa ya bahari?

Mkaazi_wa_Kiembesamaki ameuliza:

Assalaamu alaykum ndugu zangu. Ninaunda kompyuta ya mezani ya kuchezea gemu, na vifaa vyote vya ndani nimeshavipata isipokuwa kasha. Prosesa ni Ryzen 5 5600, kadi ya picha ni RTX 3060 yenye feni mbili na urefu wa milimita 240 hivi, mazabodi ni B550 ya umbo dogo la microATX, kipoza joto ni cha mnara mmoja chenye kimo cha milimita 155, na pawa saplai ni ya wati 650. Fedha niliyoitenga kwa ajili ya kasha ni baina ya laki mbili na nusu na laki tatu, na sitaki kuvuka hapo kwa sababu UPS, yaani betri ya akiba ya umeme unapokatika, bado sijanunua.

Makasha mawili ndiyo yanayonivuta. La kwanza ni NZXT H510, ambalo jamaa mmoja analiuza likiwa bado ndani ya boksi lake. Uso wake wa mbele ni bapa la chuma lililofungwa, ubavu mmoja ni wa kioo, na nyumbani walipoona picha zake walisema hilo linaweza hata kukaa sebuleni bila ya kuwatia aibu mbele ya wageni. La pili ni Corsair 4000D Airflow, ambalo mbele yake ni bati lililotobolewa matundu mengi, na ambalo duka moja la Dar linaweza kulipakia kwenye boti. Kwa sura nalipenda la kwanza, lakini kila ninaposoma mapitio naona watu wanalisifu la pili.

Kinachonitia shaka ni kwamba mapitio hayo karibu yote yamefanyika Ulaya na Marekani, katika vyumba vyenye kiyoyozi. Chumba changu kiko ghorofa ya juu, dirisha linaelekea baharini, hakina kiyoyozi ila pangaboi, na katika miezi ya Kaskazi kipimajoto cha ukutani hukaa nyuzi 31 au 32 mchana kutwa. Je, kwa vifaa vya kiasi hiki, ambavyo si vya daraja la juu, uso wa mbele una uzito wote huo, au ni maneno ya watu wenye kadi za wati mia nne? Na je, feni mbili zinazokuja na kasha zinatosha, au bei ya kweli ya kasha ni pamoja na feni za kuongeza?

Fundi_wa_Mlandege amejibu:

Wa alaykumu ssalaam, kaka. Kwa chumba ulichokieleza mimi nisingelichukua H510, na sababu si ubovu wa kazi ya kiwandani, kwani bati lake ni zuri na njia zake za kupitishia nyaya ni miongoni mwa zilizopangwa vizuri kabisa katika bei yake. Tatizo ni kwamba feni zake mbili zote hutoa hewa, moja nyuma na moja juu, na hewa ya kuingia inatakiwa ijipenyeze kupitia ukanda mwembamba wa matundu ulio pembeni mwa uso wa mbele. Kampuni yenyewe ilitoa toleo la H510 Flow mwaka 2021, na tofauti yake kubwa na lile la mwanzo ni uso uliotobolewa. Kwangu mimi hilo linatosha kuonesha kwamba malalamiko ya wateja yalikuwa na msingi. Hata hilo la Corsair lilitoka mwaka 2020 kwa nyuso mbili, moja imefungwa na nyengine ina matundu, huku kiwiliwili kikiwa kile kile. Kwa hiyo unapolinunua hakikisha neno Airflow limo katika jina lililoandikwa juu ya boksi, kwa sababu wauzaji wengine husema 4000D tu na kukupelekea lile lililofungwa.

Sasa nije kwenye joto, ambalo ndilo kiini cha suali lako. Kadi yako ya picha katika mchezo mzito huweza kula wati 170. Prosesa yako imeandikwa wati 65, lakini AMD walioitengeneza huiruhusu kufika 76. Ukiongeza mazabodi, ramu, diski, feni na kile kinachopotea ndani ya pawa saplai, tuseme wati 300 kwa makadirio ya tahadhari. Wati hizo zote huishia kuwa joto ndani ya kasha, na hakuna njia ya kulitoa isipokuwa kwa hewa inayopita. Ili hewa itoke ikiwa imepanda nyuzi 10 tu juu ya ile ya chumbani, panahitajika lita 26 hivi za hewa kila sekunde, na ukitaka ipande nyuzi 5 tu, unahitaji mara mbili ya hapo. Feni moja ya kawaida ya milimita 120 husukuma lita 25 hadi 30 kwa sekunde, lakini hiyo ni pale inapopuliza mahali pa wazi pasipo kizuizi chochote. Ukiiwekea chujio, bati la matundu na msongamano wa nyaya mbele yake, kiasi hicho hupungua sana, na ukiiwekea bapa la chuma lililofungwa, hupungua zaidi. Utaona basi kwamba hata kwa vifaa vya daraja la kati hesabu haina nafasi kubwa ya kuchezea, na kwamba suala hili haliwahusu wenye kadi za wati mia nne peke yao.

Kuhusu mapitio ya ng'ambo, yana faida ukijua namna ya kuyasoma. Wapimaji makini hawatoi joto la kadi peke yake, bali hutaja joto la chumba chao au hueleza kadi ilizidi kwa nyuzi ngapi juu ya hewa ya chumbani, na tofauti hiyo ndiyo unayoihitaji. Kasi ya feni ikibaki pale pale, joto la vifaa hupanda takriban sawa na joto la chumba: kadi iliyosimama kwenye nyuzi 68 katika chumba cha nyuzi 21, kwako wewe kwenye nyuzi 32 itakwenda kwenye 79. Kadi za Nvidia za kizazi chako kwa kawaida huanza kujipunguzia kasi zinapokaribia nyuzi 83. Kwa maana hiyo, kasha ambalo kwa mpimaji wa Ujerumani lilizidi mengine kwa joto la nyuzi tano au sita tu, jambo ambalo yeye ataliita dogo, kwako ndilo litakaloamua kama mchezo utakwenda laini au utaanza kusuasua baada ya nusu saa. Kabla ya kufika huko utasikia feni za kadi zikivuma, na usiku, majirani wakishalala, mvumo huo si mdogo.

Feni mbili za 4000D Airflow zinatosha kuanzia, kwa kuwa moja inaingiza hewa mbele na nyengine inatoa nyuma, lakini nakushauri uongeze moja ya mbele mara tu utakapopata nafasi. Mbele kuna mahali pa feni tatu za milimita 120. Ukiwa na mbili zinazoingiza na moja inayotoa, hewa inayoingia kupitia chujio huwa nyingi kuliko ile inayonyonywa nje, na hivyo vumbi haliingii kwa nguvu kupitia mianya isiyo na chujio. Kipoza joto chako hakina shida, kwani kasha linakubali kimo cha milimita 170, na kadi ya picha linakubali hadi urefu wa milimita 360.

Jambo la mwisho kwa sasa. Kama utapata fursa ya kuliona kasha lolote kwa macho kabla ya kulipa, washa tochi ya simu, uiweke nyuma ya uso wa mbele, kisha utazame kwa upande wa nje. Ukiona mwanga unapita kwa wingi na kwa usawa, hewa nayo itapita. Wapo watengenezaji wanaoweka matundu ya kupendeza kwa nje, halafu nyuma yake wakaweka sponji nzito au plastiki iliyozibwa nusu nzima, na hilo huligundui kwenye picha ya tangazo.

Mwalimu_Wete amejibu:

Fundi amemaliza upande wa joto, nami sina la kumpinga. Naomba niongeze upande wa kutu, kwa sababu mdogo wangu hapo juu ametaja dirisha linaloelekea baharini, na mapitio ya ng'ambo hayaligusi jambo hili hata kidogo. Mimi hufundisha kompyuta skuli hapa Pemba, na mashine zinazoharibika mikononi mwangu kwa chumvi ni nyingi kuliko zinazoharibika kwa joto.

Chumvi ya kawaida huanza kunyonya maji kutoka hewani mpaka ikayeyuka yenyewe pale unyevunyevu unapopita asilimia 75 hivi, na hapa visiwani kiwango hicho hupitwa usiku kwa usiku, wacha mwezi wa Aprili katika kilele cha Masika. Ndiyo sababu chumvi ya mezani tunaichanganya na punje za mchele. Chembe zile zile zinazoletwa na upepo wa bahari hutua juu ya bati, skrubu na miguu ya vifaa vilivyochomelewa kwenye mazabodi, na zikishalowa huwa maji ya chumvi yanayokula chuma na kupitisha umeme mahali pasipotakiwa. Kompyuta inapofanya kazi, joto lake huikausha hewa ya ndani, kwa hiyo hatari kubwa iko kwenye mashine inayokaa wiki nzima imezimwa kando ya dirisha lililo wazi.

Kwa hivyo katika kulitathmini kasha ningetazama bati lenyewe kabla ya taa na kioo. Makasha ya bei ya kati mengi hutengenezwa kwa bati lililopakwa zinki kabla ya rangi, ambalo katika maelezo ya kiufundi huandikwa SECC, na hilo ni bora mno kwa mazingira yetu kuliko SPCC, ambalo halina zinki. Hata hivyo zinki haisaidii sana pale bati lilipokatwa, kwa sababu ukingo huo hubaki uchi, na uso uliotobolewa maelfu ya matundu ni maelfu ya kingo. Ikiwa rangi ilipakwa baada ya kutoboa na ikafunika midomo ya matundu vizuri, hakuna wasiwasi. Pitisha ukucha taratibu ndani ya matundu machache. Ukihisi ukwaruzo, au ukiona mng'aro wa chuma kitupu, hapo ndipo kutu itakapoanzia. Tazama pia ndani ya matundu ya skrubu za nyuma, mahali ambapo rangi hukwaruzwa na bisibisi siku ya kwanza tu.

Vile vile hesabu vifuniko vya nafasi za kadi upande wa nyuma. Katika makasha duni vifuniko hivyo huvunjwa moja kwa moja kutoka kwenye bati, na ukishavunja hakirudi, na uwazi unaobaki ndio mlango wa mijusi na sisimizi. Katika makasha ya bei unayoitaja hufungwa kwa skrubu, ukitoa kadi unakirejesha. Msinione ninafanya mzaha: mjusi aliyeingia kutafuta joto akalala juu ya pawa saplai huweza kuizima mashine nzima, na harufu yake mtaijua kabla ya kuijua sababu.

Chujio liwe la kutoka kwa mkono bila ya bisibisi, kwa sababu chujio lenye kazi kulitoa halitasafishwa. Lioshe kwa maji baridi ya bomba, si kwa kulipuliza tu, kwani chumvi haiondoki kwa pumzi, na lianike kivulini mpaka likauke kabisa ndipo ulirejeshe. Kasha lenyewe liondoe dirishani hata kama ni kwa hatua mbili tu, na usiliweke chini juu ya zulia, maana pawa saplai huvuta hewa kutoka chini na zulia nene huiziba. Usipoitumia kompyuta kwa siku kadhaa, ifunike kwa khanga, ila usisahau kuitoa kabla ya kuwasha.

Na kuhusu kioo: siku ya kuunganisha vifaa, utakapokitoa ubavuni, kilaze juu ya mkeka au juu ya godoro. Usikisimamishe kwa pembe yake juu ya vigae. Kioo cha namna hii kimeimarishwa kwa joto, hustahimili kupigwa kwenye uso wake, lakini kigae ni kigumu kuliko kioo, na mguso mdogo kwenye pembe au ukingo huweza kukifanya kisambaratike chote kwa mara moja. Nyumba zetu nyingi sakafu ni vigae, na hili limeshawatokea watu wengi duniani wakiwa hawajaiwasha kompyuta yao hata mara moja.

Barobaro_wa_Chake amejibu:

Nawaheshimu nyote wawili, lakini naona mnampeleka kaka wa watu kwenye gharama ambayo si lazima. Maduka ya Darajani yana makasha yasiyo na jina kubwa ambayo yanakuja na feni nne zenye taa za rangi zote, ubavu wa kioo na mbele ya wavu, kwa bei iliyo chini ya nusu ya hiyo aliyoitaja. Hewa haijui jina la kampuni. Ikiwa kinachotakiwa ni uso ulio wazi na feni za kutosha, basi hayo anayapata hapa hapa mjini bila ya kulipia nauli ya boti wala kuomba dua kioo kifike salama, na fedha inayobaki inaingia kwenye UPS, ambayo kwa umeme wetu ni muhimu kuliko kasha lolote. Isitoshe, mtu anayecheza gemu hutaka pia macho yafurahi, na si kosa kulipenda kasha kwa ajili ya taa zake. Mimi ninalo la namna hiyo, ninacheza nalo kila siku, na kadi yangu haijawahi kupita nyuzi 80.

Fundi_wa_Mlandege amejibu:

Barobaro, hoja ya UPS naikubali bila ya ubishi, na nakubali pia kwamba hewa haijui jina la kampuni. Yapo makasha ya bei ya chini yanayopitisha hewa vizuri, na mimi mwenyewe nimewaundia wateja kwa makasha hayo. Ila mnunuzi ajue anapokwenda kupunguziwa, kwa sababu bei haishuki pasipo kitu kuondolewa.

Kitu cha kwanza kuondolewa huwa ni unene wa bati. Shika ubavu wa chuma kwa vidole viwili ukauone unavyopepea. Bati jembamba sana hupiga kelele pamoja na feni, na ukilisafirisha mara moja tu kwa gari, mashimo ya skrubu hayalingani tena. Cha pili ni chujio, ambalo katika mengi ya makasha hayo halipo kabisa mbele, na maelezo ya Mwalimu yanatosha kuonesha kwa nini hilo kwetu si jambo dogo. Cha tatu ni feni zenyewe. Zile feni nne za taa aghalabu huunganishwa moja kwa moja kwenye waya wa pawa saplai wenye plagi ya Molex, kwa hivyo huzunguka kwa kasi moja tu usiku na mchana, mazabodi haina uwezo wa kuziongeza wala kuzipunguza. Feni yenye plagi ya pini tatu hudhibitiwa kwa kubadilisha volti, na ile ya pini nne hupokea amri yake kwa waya wa nne. Zote mbili mazabodi ya B550 inazimudu. Ukinunua kasha la feni nne ambazo huwezi kuzidhibiti, umenunua kelele nne.

Na kwa kuwa taa zimetajwa, ni vyema nilieleze hili kwa sababu huwaunguzia watu vifaa vyao. Taa za aina ya zamani hutumia volti 12 na plagi yake ina pini nne. Taa za aina mpya, ambazo kila moja huweza kuwa na rangi yake, hutumia volti 5, na plagi yake ina nafasi za pini nne lakini moja imeachwa wazi. Mwenye haraka akiilazimisha plagi ya volti 5 kuingia kwenye soketi ya volti 12, taa zote huungua papo hapo, na muuzaji hatazirejesha. Soma maandishi madogo yaliyo pembeni mwa soketi kwenye mazabodi, au ukitazame kitabu chake, kabla ya kuchomeka chochote.

Nyuzi 80 za kadi yako ni halali, Barobaro, wala si mbaya, lakini ungetwambia chumba chako kina nyuzi ngapi na feni za kadi zinazunguka kwa kiasi gani, ndipo tungejua kama kasha linakusaidia au kadi inajitahidi peke yake. Jaribio jepesi ni hili: cheza kwa nusu saa huku umefunga kila kitu, andika joto la kadi, kisha ondoa ubavu wa kioo na ucheze tena nusu saa nyengine katika mchezo ule ule. Tofauti ikiwa ni nyuzi mbili au tatu, kasha lako halina kosa. Ikiwa ni nyuzi nane au kumi, kasha linakubana pumzi, na hapo utajua ile nusu ya bei iliyopungua ilitoka wapi.

Mkaazi_wa_Kiembesamaki ameandika:

Nashukuru sana, Fundi, na Mwalimu pia, na Barobaro umenifanya nifikiri upya kuhusu bajeti. Nimepata nafasi ya kuiona 4000D Airflow ya mtu anayefanya kazi na ndugu yangu, nikafanya lile jaribio la tochi, na mwanga ulipita bila ya shida. Matundu yake nimeyapitisha ukucha kama alivyosema Mwalimu, nayo ni laini. Nimeona chujio la mbele, jengine la sumaku juu, na jengine chini ya pawa saplai. H510 nimemwambia mwenyewe alitafutie mnunuzi mwengine.

Nimebaki na masuali mawili. Iwapo siku za mbele nitataka kubadili kipoza joto na kutia kile cha maji chenye rejeta (bapa la kupozea maji hayo) ya milimita 360 kwa mbele, je, kadi ndefu zaidi itaingia? Na lile tundu la USB-C lililo usoni mwa kasha, mazabodi yangu sioni mahali pa kuliunganisha.

Fundi_wa_Mlandege amejibu:

Rejeta za kawaida zina unene wa milimita 27 na feni zake 25, jumla 52, na kiasi hicho unakikata kutoka kwenye urefu wa kasha upande wa mbele. Kwa kadi yako ya milimita 240 hutoona tofauti. Kwa zile kadi kubwa za feni tatu, zinazovuka milimita 300, pima kwa futi kabla ya kununua, usitegemee namba ya kwenye boksi peke yake. Ila kwa prosesa ya wati 65 kipoza joto cha maji ni anasa tu, na katika nyumba ambayo umeme hukatika ghafla mimi napendelea kitu kisicho na pampu. Tena rejeta ikikaa mbele, hewa inayoifikia kadi ya picha huwa imeshapashwa moto na prosesa, na katika chumba chako ni kadi inayohitaji hewa baridi zaidi.

Kuhusu USB-C, mazabodi nyingi za bei nafuu hazina soketi hiyo ya ndani, kwa hiyo usijilaumu kwa kutoiona. Vipo vibadilishio vidogo vinavyochukua soketi ya ndani ya USB 3 yenye pini 19 na kuipa umbo la ile ya USB-C. Kasi yake haitakuwa ile ya juu kabisa, lakini kwa kuchaji simu na kuhamisha picha inatosha. Tatizo ni kwamba tundu la kawaida la USB lililo jirani yake linahitaji soketi ile ile ya pini 19, kwa hiyo ikiwa mazabodi ina moja tu utalazimika kuchagua. Mimi ningeliacha la USB-C bila ya kuunganishwa, waya wake nikaufunga nyuma ya bati ambako kuna uwazi wa kutosha, kisha nikaliziba tundu lenyewe kwa kizibo kidogo cha mpira ili chumvi isiingie.

Mwalimu_Wete amejibu:

Kizibo hicho cha mpira huuzwa kwenye maduka ya vifaa vya simu, na ununue zaidi ya kimoja, kwa sababu matundu ya sauti na ya USB unayoyatumia mara chache nayo yanastahili kufunikwa. Na boksi likifika Malindi ya Unguja, lifungue hapo hapo bandarini mbele ya aliyekuletea, ukitazame kioo na pembe nne za kasha kabla ya kutia saini.